Tupashe chumba joto bila kuingiza jiko

Kipupwe kikiingia, kati ya Juni na Agosti, nyanda za juu za Afrika Mashariki hutetemeka. Kitulo, wilayani Makete, umande huganda juu ya majani. Limuru hufunikwa na ukungu, na wakazi wa Kabale na Musanze hulala na blanketi mbili.

Hita ya umeme ya wati 2,000 ikiwashwa kwa saa tano hula yuniti 10, gharama ambayo wengi hawaimudu kila usiku. Ndiyo maana familia nyingi huingiza mkaa chumbani. Tanzania na Kenya chombo hicho ni jiko, Uganda ni sigiri, Rwanda na Burundi ni imbabura, na jirani zetu wa Kongo huita mbabula. Majina ni tofauti lakini hatari ni ile ile.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa huku mtu akiwa usingizini. Wengi hudhani mkaa ukishaacha kutoa moshi na kuwa mwekundu, uko salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa gesi hiyo kwa wingi.

Njia salama ni kuwasha moto nje na kuingiza joto peke yake.

Hita ya kwanza ni ya matofali. Chukua matofali manne au matano ya kuchoma, makavu na yasiyo na ufa. Usitumie mawe ya mtoni, kwani yaliyonyonya maji yanaweza kupasuka kwa kishindo yakipata moto. Baada ya kupika chakula cha jioni, yapange kando ya moto kwa muda wa saa moja. Weka mchanga mkavu chini ya debe la bati, kisha yapange humo kwa koleo. Hakikisha hakuna kaa lililonasa. Liweke debe sakafuni, mbali na chandarua, pazia na watoto.

Hita ya pili ni ya maji. Kilo moja ya maji hubeba joto takriban mara tano ya kilo moja ya tofali kwa kila nyuzi inayopanda. Jaza dumu la lita tano, yaani mtungi au bidoni, maji ya moto yasiyotokota, maana yanayotokota hulegeza plastiki. Funga kifuniko barabara, livishe sweta kuukuu, liweke miguuni mwa kitanda. Likipoa, maji hayo ni ya kuogea asubuhi.

Wapo wanaowasha mishumaa chini ya chungu cha maua wakitumaini kupata hita. Mshumaa mmoja hutoa takriban wati 80, karibu sawa na joto la mtu mzima aliyeketi, na chungu hakiongezi chochote. Dumu lile la lita tano, likipoa kutoka nyuzi 80 hadi joto la chumba, hutoa joto la mshumaa uliowaka zaidi ya saa nne, tena bila moto wala moshi.

Kwa kuwa hakuna kinachowaka ndani, unaweza kuziba mianya bila hofu. Kunja gunia au kanga chini ya mlango, tundika pazia zito dirishani na tandika mkeka sakafuni.

Na ukimkuta mtu katika chumba chenye jiko akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, usidhani ni malaria tu. Fungua milango, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitali akapewe oksijeni. Jiko lenyewe libaki uani, usiku wote.