Umeme Uliojificha Kati ya Maji na Mafuta

Kila mpishi ajua kwamba maji na mafuta hayapatani. Lakini si wengi wajuao kwamba mahali yanapogusana pana umeme. Matone madogo ya mafuta yakitawanywa katika maji safi, kisha umeme ukapitishwa humo, matone hayo huelekea upande wa chanya. Mapovu ya hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba yamepata umeme hasi, ingawa mafuta hayakuwa na umeme kabla ya kutiwa majini.

Je, umeme huo watoka wapi? Wataalamu wametoa maelezo matatu. Kwanza, molekuli chache za maji hugawanyika zenyewe, na sehemu yenye umeme hasi, iitwayo haidroksidi, hujikusanya mpakani. Wenye maelezo haya huonyesha kwamba maji yakitiwa asidi hata kipimo cha pH kikafika kati ya 2 na 4, umeme huo hutoweka. Pili, molekuli za maji hushikana na kupeana umeme kidogo. Mpakani mshikamano huo hauwi kamili, na sehemu ya umeme huhamia kwenye mafuta. Tatu, huenda uchafu kidogo sana, kama vile asidi za mafuta, ndio ukaao mpakani. Hata leo shauri hili halijakatwa.

Umeme wa maji waweza kuleta maafa. Matone ya maji yakizama katika petroli huchukua umeme wa namna moja na kuacha wa namna nyingine nyuma. Na kwa kuwa petroli haipitishi umeme vema, umeme huo hukawia kutoweka. Maji yanayorushwa kwa nguvu nayo hutoa ukungu wenye umeme. Mwezi wa Desemba 1969 meli tatu kubwa za mafuta, Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII, zililipuka matangi yake yalipokuwa yakioshwa kwa maji. Mactra ilikuwa katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji. Uchunguzi uliofuata uliutilia shaka ukungu huo.

Basi mwenye tangi la petroli yampasa kuondoa maji yaliyotuama chini, kuanza kujaza polepole, na kungoja kabla ya kuteremsha ufito wa chuma wa kupimia. Anunuaye petroli kwa mtungi na auweke chini ardhini, wala asiujaze ukiwa juu ya gari. Cheche moja yatosha.