Paa mupya la pikapu yetu

Munaijua pikapu yetu ya zamani. Musimu uliopita wa mvua tuliweka mifuko miwili ya mbegu za mupunga ndani, karibu na shofere, ili isilowane. Maji yakapita kwenye paa. Tulipofika Kindu, mbegu zilikuwa zimeanza kuoza.

Kosa lilikuwa letu. Mbele ya hapo tulikuwa tumeziba matundu kwa mastike na kupaka rangi juu. Kutu ikaendelea kula chini ya rangi. Tulipotoa kitambaa cha ndani, tuliona jua kupitia bati.

Wengine walisema tuiuzishe. Tukakubaliana kufungua sanduku la chama. Fundi alikata paa lote, akaweka lingine kutoka gari la aina ileile lililokufa. Kwanza alitoa batri, viti na vioo, akaweka ndoo ya muchanga karibu, sababu ya moto. Alichoma kidogo huku, kidogo kule, maana bati nyembamba hujikunja likipata joto nyingi. Kisha rangi ya kuzuia kutu ndani na inje, mastike kwenye viungo, na rangi ya mwisho.

Tulimwanga ndoo tano za maji juu yake. Hakuna tone lililoingia.

Sasa kila siku ya posho tunapanguza mufereji ulio juu ya milango. Majani na matope vinashika maji pale, na kutu huanza pale maji yanapolala. Mbegu za musimu huu zimefika kavu.