Kuta za Ruiru Zinasema Haiuzwi

Toka Ruiru, Kenya, uelekee Thika kwa njia za ndani, usome kuta. Kwenye ua wa mawe, kwenye geti la mabati, hata kwenye kibanda kisichokaliwa na mtu, utakuta rangi nyekundu ya mafuta: PLOTI HII HAIUZWI. Mara nyingi fundi ameanza kwa madaha, herufi nene na pana, kisha nafasi ikamwishia. ZWI imebanana pembeni, nambari ya simu imeshushwa chini, na rangi imechuruzika kabla ya kukauka.

Wajapani wangeyaelewa maandishi haya. Kila Desemba tangu 1995, kwenye hekalu la Kiyomizu mjini Kyoto, herufi moja ya kuueleza mwaka huandikwa kwa brashi kubwa mbele ya watu. Ya kwanza ilihusu mtetemeko, kwa kuwa Kobe ilikuwa imebomolewa na tetemeko la ardhi. Ya 2011, baada ya tsunami, ilihusu mshikamano. Ruiru haina hekalu, na neno lake halibadiliki Desemba ikifika.

Chanzo cha neno hilo ni kahawa. Hapa ndipo ilipozalishwa Ruiru 11, mbegu iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Mwaka 1989 mfumo wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ukavunjika, bei ikaanguka, na taratibu mibuni ikapisha ploti. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa 2012, bei ya ardhi ikapaa, na matapeli nao wakaja: unaonyeshwa kiwanja Jumamosi, unatoa amana, kumbe mwenyewe yuko Dubai, au ni marehemu na watoto hawajaelewana.

Zamani Wakikuyu walipanda mmea wa itoka mpakani, mbele ya mashahidi, na kuung'oa ilikuwa mwiko. Mmea ule ulisema na jirani aliyemjua babako. Rangi ya leo inasema na mgeni aliyeshuka matatu na pesa za chama mkobani, asiyemjua mtu wa kumuuliza.

Kisheria, ukuta haumfungi mtu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye dai kuweka zuio kwa msajili, na mnunuzi kufanya sachi kwenye rejista kabla ya kutoa hata shilingi. Lakini fundi hakosi kazi, maana ndugu nao huandikiana: mmoja anaandika, mwingine anapaka chokaa juu, wa kwanza anarudi na kopo. Mnunuzi mzoefu akiona rangi juu ya rangi, haulizi bei.