Kizingiti au Lenta? Istilahi ya Boriti ya Mlango na Usalama wa Nyumba Kandokando ya Owino

Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba ya Uganda yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili; mwaka 2013 ikatungwa Sheria ya Udhibiti wa Majengo. Mambo hayo mawili hukutana pasipotarajiwa: kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma unaotobolewa ili chumba kipate mlango au dirisha la duka. Makala hii inafafanua kazi hiyo na kuonesha kwamba jina la boriti inayolazwa juu ya tundu lina uzito wake.

Katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, Kiluganda, Kiswahili na Kiingereza husikika katika biashara moja. Watu wengi wa kipato cha chini jijini Kampala hupanga vyumba vya safu viitwavyo mizigo. Mgeni kutoka pwani atadhani ni shehena, wala hatakuwa amepotea sana, kwa kuwa kila ukuta wa chumba hicho una mzigo wake.

Kamusi hulitaja neno kizingiti kwa kipande cha mlango, kiwe cha juu au cha chini. Katika mazungumzo, hata hivyo, kizingiti ni kile kinachorukwa na mguu, au kikwazo. Mafundi wa Tanzania husema lenta, lakini mara nyingi humaanisha mkanda wa zege unaoizunguka nyumba nzima juu ya madirisha. Mwongozo ukisema “weka kizingiti” bila ufafanuzi, msomaji anaweza kutia mbao ya fremu tu, ambayo haikukusudiwa kubeba ukuta.

Ufafanuzi wenyewe ni huu. Matofali yaliyofungamana vizuri hupeleka sehemu kubwa ya uzito pembeni, na pembetatu ya ukuta iliyo juu ya tundu ndiyo huielemea boriti. Zege huhimili mgandamizo lakini ni dhaifu likivutwa. Boriti inapopinda, upande wa chini ndio unaovutika. Kwa hiyo nondo kuu, ambazo Waganda huziita emitayimbwa, hulazwa chini. Fundi anayezipandisha juu amezinunua bure.

Katika nyumba iliyokwisha jengwa, utaratibu hutangulia ustadi. Kwanza hupitishwa vipande imara vya mbao katika matundu madogo juu ya mahali pa mlango, vikashikiliwa kwa nguzo pande zote mbili za ukuta. Ndipo matofali hutolewa. Boriti hukalia ukuta mzima walau milimita 150 kila upande, na nafasi iliyobaki juu yake hujazwa udongo wa saruji ulioshindiliwa. Ikimwagwa papo hapo, hunyweshwa maji kwa siku 7 hivi, na nguzo hubaki kwa wiki mbili hadi tatu. Ukuta unaobeba ghorofa au wenye nyufa unahitaji mhandisi.

Kwa miongozo ya Kiswahili nchini Uganda, istilahi faafu ni lenta ya tundu, ikitofautishwa na lenta ya mzunguko, nalo neno kizingiti libaki chini ya mlango. Fasili itaje kazi: boriti inayobeba ukuta ulio juu ya tundu na kuupeleka uzito huo pande mbili. Kiluganda kiandikwe kando yake, kwa kuwa anayechanganya zege huenda asiwe yule anayesoma.