Nepi za Kitambaa na Sanduku la Askari

Mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapoishika Kigali, mpita njia katika vitongoji vya Kimisagara, Gikondo au Kanombe hupata habari za nyumba asizozijua kwa kutazama kamba za nguo tu. Jua likichomoza nusu saa kati ya manyunyu mawili, kamba zote za uani hujaa. Na pale anapoona vipande vyeupe vya mraba, vimepangwa safu kwa safu mithili ya kikosi kilicho kwenye gwaride, hana haja ya kuuliza: nyumba hiyo ina mtoto mchanga. Wingu likirudi, hutoka mtu mbio kuvianua. Aghalabu mtu huyo ni mama. Katika makala hii tungependa kumzungumzia baba vilevile, hasa yule avaaye sare.

Huenda baadhi ya askari wenzetu, wa jeshi na wa polisi, wakastaajabu kuona ukurasa huu ukijishughulisha na nepi. Sisi hatuoni ajabu. Askari aliyepita mafunzo amefundishwa kufua, kukunja, kupiga pasi na kuhesabu, na kazi ya nepi si zaidi ya hayo manne. Kinachompungukia ni elimu kidogo, na sehemu moja ya elimu hiyo inahusu hatari iliyomo ndani ya sanduku lake mwenyewe. Tutaifikia.

Kwanza tutazame fedha. Mtoto mchanga huchafua nepi kumi hivi kwa siku, yaani 300 kwa mwezi. Msomaji na achukue bei anayolipa dukani kwake kwa nepi moja ya kutupa, azidishe. Tuseme ni faranga 200. Mwezi utakula faranga 60,000, na mwezi ujao vivyo hivyo. Nepi 24 za kitambaa hushonwa mara moja, zikamlea mtoto wa kwanza, na zikitunzwa zitamlea wa pili. Hata hivyo tusidanganyane. Wanaosema nepi ya kitambaa haina gharama hawajapata kuifua. Inataka sabuni, inataka maji, na penye bomba lililokauka inataka mtu wa kupandisha dumu la lita 20 mlimani. Mzigo huo ukiachiwa mtu mmoja, tena ambaye amejifungua juzi, hesabu yote ya faranga huwa ni udanganyifu.

Pili ni taka. Nepi za kutupa zilizoenea leo duniani zilianza kwa Pampers, zilizotolewa sokoni huko Marekani mwaka 1961, nazo huvishwa ngozi ya plastiki. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikaongeza sheria mwaka 2019 dhidi ya vitu vya plastiki vya kutumika mara moja. Lakini nepi hizo zingali zikisafiri kila siku kuelekea dampo la Nduba, wilayani Gasabo, na nyingine hutupwa chooni, shimo likajaa kabla ya wakati wake. Hatumlaumu mama aliye safarini ndani ya basi la kwenda Rusizi. Kila chombo kina mahali pake.

Sasa tuingie katika ushonaji. Kitambaa kinachofaa ni cha pamba: melimeli ya kukunja mara mbili, flaneli, au kitambaa cha taulo kisicho kizito mno. Katika pwani ya Afrika Mashariki mama wamekuwa wakichana kanga kuukuu kwa kazi hii, kwa kuwa kanga iliyofuliwa miaka mingi ni laini kuliko kitambaa chochote cha dukani. Kitenge kipya hakifai, kwa kuwa ni kikavu na hunywa maji polepole. Wanaonunua mashuka na taulo za mitumba, zile tunazoziita hapa kwetu caguwa (neno lililotoka katika Kiswahili chetu cha “chagua”), wanajua kwamba mambo yalibadilika mwaka 2016 ushuru ulipopandishwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Hata hivyo shuka moja kuukuu la pamba lililo nyumbani tayari hutoa nepi kadhaa bila kwenda sokoni.

Ukitilia shaka kitambaa, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Nailoni na poliesta huyeyuka na kufanya kidonge kigumu. Ukisha kuwa na hakika, fua kitambaa kizima kabla ya kukikata, maana pamba hujikunja. Kisha kata miraba yenye upande wa sentimita 65 hadi 70, upinde kingo zake kwa cherehani. Mafundi wa soko la Kimironko wataimaliza kazi hiyo upesi, lakini hata sindano ya mkono, ile ile unayoshonea vifungo vya sare, inatosha. Nepi mpya ifuliwe mara tatu au nne kabla ya kutumika, ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kijifunze kunywa maji.

Kuifunga ni jambo la dakika moja. Kunja mraba upate pembe tatu. Upande mrefu uwe juu, usawa wa kiuno cha mtoto. Ncha ya chini ipitishwe kati ya miguu, ncha mbili za ubavuni zije mbele, zote tatu zikutane chini ya kitovu. Tunasema chini ya kitovu kwa makusudi: mpaka kikonyo kikauke na kuanguka, kisifunikwe na nepi wala kulowa mkojo. Zifungwe kwa kikwasi, ile pini yenye kofia ambayo Mmarekani Walter Hunt aliipatia hati ya ubunifu mwaka 1849. Na wakati wa kuichoma, vidole vyako viwe kati ya pini na ngozi ya mtoto, ili kosa likitokea uchomwe wewe. Usikaze. Bibi zetu waliowabeba watoto mgongoni katika ingobyi ya ngozi ya kondoo waliiacha miguu ya mtoto itanuke pande mbili za mgongo, na madaktari wa leo wanakubali kwamba mkao huo ni mwema kwa nyonga. Mtoto aliyebanwa miguu ikanyooka kama aliye katika amri ya “mguu sawa” hakutendewa hisani.

Katika kufua ndipo penye kazi. Kinyesi kikung'utwe chooni, si mtaroni, kwa sababu kinyesi cha mtoto kina vijidudu vya kuhara sawa na cha mtu mzima. Nepi zisuuzwe kwa maji baridi kwanza, ndipo zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha zisuuzwe tena hadi maji yatoke bila povu. Sabuni iliyobaki kitambaani ndiyo huwaunguza watoto wengi makalio, na lawama hupewa kitambaa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isimwagwe kamwe juu ya nepi zilizojaa mkojo. Mkojo uliolala una amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa mvuke unaoumiza mapafu. Na ndoo ya kulowekea iwe na kifuniko, tena iwekwe juu, maana mtoto aanzaye kusimama anaweza kuzama katika maji ya ndoo kimya kimya, hatua tatu kutoka alipo mama yake.

Kuanika mvuani ni fumbo la kila nyumba ya Kigali kuanzia Machi hadi Mei, na tena vuli inaporudi. Nepi isiyokauka sawasawa humletea mtoto upele. Lakini liko jambo jingine. Katika nchi zetu yuko nzi wa rangi ya manjano na kahawia ambaye hutaga mayai yake penye unyevunyevu: mchangani, au katika nguo zilizoanikwa majanini na kivulini, hasa zenye harufu ya mkojo. Kiwavi wake hupenya ngozi na kufanya jipu ambalo ndani yake mna mdudu hai. Kinga yake ni kuanika juani, juu ya kamba, na kupiga pasi ya moto pande zote mbili bila kusahau pindo. Ni askari gani asiyejua kupiga pasi? Yule ambaye mikunjo ya suruali yake hukata kama wembe siku ya ukaguzi hana udhuru mbele ya mraba wa melimeli.

Na sasa lile sanduku.

Nepi za kifungua mimba wetu tulizifua, tukazipiga pasi, tukazikunja kwa kipimo kimoja na kuzitia katika sanduku la chuma pamoja na sare yetu ya sherehe. Kati ya tabaka na tabaka tulitia vidonge vyeupe vya naftalini, kama afanyavyo askari yeyote anayeogopa nondo na mende. Miaka mitatu baadaye mtoto wa pili alipozaliwa, tulizitoa zikiwa safi, tukajisifu kwa mpangilio wetu. Mama yetu, aliyekuja kutoka kijijini kumwona mjukuu wake, aliinua moja akainusa.

“Mwanangu, nguo hizi zinanuka dawa. Zifueni kwanza, zikae juani.”

“Mama, zimefuliwa na kupigwa pasi,” tulimjibu.

Alinyamaza, kama wanyamazavyo wazee mbele ya vijana wanaojua kila kitu. Siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa ya manjano. Siku ya nne manjano yalifika miguuni, naye hakuwa na nguvu ya kunyonya. Hospitalini walimtoa damu, wakamlaza chini ya taa ya buluu, na daktari akauliza swali ambalo hatukulitazamia: “Afande, nguo za mtoto mliziweka wapi?”

Alitueleza kwamba wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huo umeenea zaidi katika sehemu za dunia zilizoteswa na malaria kwa vizazi vingi, nao huwapata zaidi watoto wa kiume. Mvuke wa naftalini huingia mwilini kwa pua na kwa ngozi. Kwa mtoto wa namna hiyo huvunja chembe za damu, na manjano yanayotokana na kuvunjika huko, ini lake changa lisipoyamudu, huweza kufika ubongoni. Hapo mtoto hupoteza usikivu, au uwezo wa kutawala viungo vyake, au uhai. Madaktari hawakutuambia kwamba sanduku letu ndilo lililomdhuru. Walisema manjano ya siku za mwanzo yana sababu nyingi, na hapakuwa na haja ya sisi kuongeza moja kwa mikono yetu. Mtoto alipona. Usiku ule tulioketi kwenye benchi, tukitazama taa ile kupitia kioo, hatukuwa na neno la kumwambia mama yetu, naye hakutuuliza.

Kwa hiyo nguo za mtoto zisikae sanduku moja na naftalini, hata kwa wiki moja, na zisifungwe katika blanketi lililotoka humo. Nepi ikinuka dawa hiyo, isimguse mtoto mchanga. Kuifua mara moja hakutoshi kuaminiwa. Na mtoto yeyote ambaye manjano yake yanashuka hadi nyayoni, au anayekataa ziwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kupambazuke.

Tabia nyingine ya kambini ambayo haifai kuhamishiwa kwa mtoto ni kupiga chapa nguo. Mwaka 1886 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya buluu kwa sababu ya wino wa anilini uliotumika kutia alama nepi zao. Ukitaka alama, tia kishono cha uzi pembeni.

Tumalizie na kuhesabu, ambako kitambaa kina faida isiyotajwa sana. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba maziwa ya mama hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Nepi ya kutupa hufyonza mkojo ikauficha, na mzazi asiye mzoefu hawezi kujua kama mtoto amekojoa mara mbili au tano. Cha kitambaa hakifichi: hesabu iliyo ndani ya ndoo ndiyo ripoti ya asubuhi. Ikishuka chini ya sita, mama aangaliwe jinsi anavyonyonyesha, au mtoto apelekwe kituo cha afya. Baba aliyetoka lindo usiku, akafika nyumbani alfajiri, anaweza kuipokea ripoti hiyo na kuifua papo hapo, mama akapata saa mbili za usingizi.

Nepi zetu zilikuwa 24. Kumi na tisa zimekwenda kwa shemeji yetu, aliyejifungua karibuni, baada ya kuloweshwa, kufuliwa na kuanikwa juani siku nyingi hadi mama yetu alipozinusa akaridhika. Tano zilikuwa zimechakaa. Tumezifanya vitambaa vya kung'arishia viatu. Jioni ya kuamkia gwaride, mwenye nepi hizo, ambaye sasa ana miaka minne, huzileta mwenyewe pamoja na kopo la dawa ya viatu, akaketi kando yetu kutazama.

“Baba,” husema, “usiimalize nepi yangu.”