Dereva wa bodaboda wa Mbagala, pikipiki za theluji na safari yako ya Kilimanjaro

Simama kijiwe cha bodaboda Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba. Kipimajoto kitakuambia ni nyuzi 20 hivi, hali ambayo mtu wa Oslo angevaa kaptula. Lakini mwangalie dereva: jaketi zito, pengine limevaliwa kinyume ili zipu ikae mgongoni, glovu, na kofia ya sufu chini ya helmeti. Anaigiza? Hapana. Anaijua fizikia kwa ngozi yake.

Mwili wako ni jiko lisilozimwa. Ukitulia, ngozi hupasha moto hewa iliyo karibu nayo, na hewa hiyo hukaa juu yako kama shuka jembamba usiloliona. Upepo ukija, unalivuta shuka. Mwili unapasha hewa nyingine, upepo unaiondoa tena. Dereva anayekwenda kilomita 40 kwa saa amejitengenezea upepo wa kilomita 40 kwa saa, hata kama mitini hakuna jani linalotikisika. Joto la hewa halijabadilika. Kilichobadilika ni kasi ya mwili kupoteza joto. Jaketi lenyewe halina moto wowote. Kazi yake ni kuuzuia upepo usiondoke na shuka.

Sasa ihamishie hesabu hiyo kaskazini ya mbali, Norway au Finland, majira ya baridi. Huko kuna biashara ya kuwatembeza watalii kwa pikipiki za theluji: mbele zina ski mbili za kukatia kona, nyuma zina mkanda mpana unaozunguka badala ya magurudumu. Hewa ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri na pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 27 chini ya sifuri. Ndiyo maana mgeni haachiwi avae anavyotaka. Anapewa ovaroli, buti na glovu, mwongozaji anatangulia mbele, na msafara ukisimama anawakagua watu pua na mashavu. Doa jeupe shavuni ni dalili kwamba ngozi imeanza kuganda, na mwenye shavu hasikii kitu kwa sababu limekufa ganzi. Likumbuke hilo: aliye hatarini hasikii, anayeona ni mwenzake.

Na sisi tunahusikaje?

Pikipiki za theluji hatuna. Ila safari ya kuongozwa hadi kwenye barafu tunayo, tena humu humu nchini. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera kwenye kilele cha Kilimanjaro, na hadi leo ikifika Desemba watu huunda makundi ya kupanda kuadhimisha Uhuru. Pengine umeshaongezwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisini au chuoni. Michango inaendelea, na kuna mtu amependekeza mpunguze siku moja ili gharama ishuke. Makala hii nimeiandika kwa sababu ya pendekezo hilo.

Tuanze na baridi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa hiyo siku ambayo Temeke ina nyuzi 28, hesabu inakuweka karibu nyuzi 7 chini ya sifuri ukifika juu, na safari ya mwisho huanza usiku wa manane, wakati kuna baridi zaidi. Ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo ukavuma kilomita 30 tu kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Yule dereva wa Mbagala angekuelewa haraka sana.

Adui wa pili ni maji. Maji huchukua joto la mwili haraka kuliko hewa tulivu, takriban mara 25. Jinzi na fulana ya pamba, nguo zetu za kila siku, hunywa jasho na mvua ya msituni kisha hazikauki. Ukienda kutafuta nguo Karume au Tandika, soma lebo: ya ndani iwe poliesta au sufu, ya kati iwe nzito yenye kutunza hewa, ya juu izuie upepo na mvua. Mitumba si aibu. Makoti mengi yaliyoko pale yameshaishi na theluji kabla ya kufika kwetu.

Hewa ni ile ile, ila imepungua

Baridi unaweza kuivalia jaketi. Hewa huwezi. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa ya Kigamboni, na ni asilimia 21 kileleni pia. Tofauti ni mgandamizo: kule juu ni karibu nusu ya wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea.

Mwili unajua kujirekebisha, lakini unataka muda. Kwanza unapumua kwa kasi na kwa kina. Hiyo inabadilisha kemia ya damu, na figo huchukua siku kadhaa kuiweka sawa, ndiyo maana unakojoa sana. Kuongeza chembe nyekundu za damu za kutosha huchukua wiki. "Polepole" unayoimbiwa njia nzima si ukarimu wa Kiswahili kwa wageni. Ni maelekezo ya kitabibu.

Kanuni inayotumika kote duniani ni hii: ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Sasa itazame njia ya Marangu. Mandara iko kama mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Hiyo ni mita 1,000 kila usiku, mara mbili ya kanuni. Kinachopunguza hatari ni ile siku ya ziada ya kukaa Horombo, na siku hiyo ndiyo watu huifuta wakitaka bei ishuke.

Usijidanganye na mazoezi. Kijana anayecheza mpira kila jioni anaweza kuugua, na mama yake akapita salama. Tena mwenye nguvu ana hatari ya kwenda haraka kuliko damu yake.

Unayemlipia ni mtu wa kukuangalia

Utaratibu wa hifadhi ni kwamba hupandi bila mwongozaji mwenye leseni. Wengi hudhani kazi yake ni kuonyesha njia. Njia inaonekana! Kazi yake kubwa ni kukuangalia wewe, kwa sababu baridi na upungufu wa oksijeni huanza kuharibu kile kile ambacho ungekitumia kujipima: akili.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, hujikwaa, huongea kwa kuburuza maneno. Likishuka zaidi, kutetemeka kunakoma, naye anasema anajisikia vizuri. Wengine huanza hata kuvua nguo. Mwinuko nao una dalili zake: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, ubongo unavimba. Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, au akikohoa povu, mapafu yanajaa maji. Tiba ni moja, kushuka, na kushuka sasa hivi hata kama ni usiku. Dawa na mtungi wa oksijeni husaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka.

Mimi mwenyewe nilifika Horombo kichwa kinagonga. Mwongozaji akaniuliza, nikajibu, "Niko poa." Niliwaza michango ya watu na picha niliyoahidi nyumbani. Hakuniamini. Akanitembeza kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole, akanitazama machoni, akasema, "Kaka, mlima hauhami. Kesho tunakaa hapa." Jioni ya kesho yake kichwa kilikuwa kimetulia. Tungekuwa tumefuta siku ile, ningekuwa njiani kwenda Kibo, bado nikisema niko poa.

Na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, wana damu kama yako. Mzigo wa mgumu mmoja hautakiwi kuzidi kilo 20, na baridi haimwachi kwa sababu ni mwenyeji. Mkipunguza siku, naye mnampunguzia.

Basi grupu likirudi kwenye hoja ya bei, andika hivi: tupunguze fulana za safari, tupunguze sherehe ya kurudi, tukope makoti, lakini siku ya Horombo ibaki. Halafu ukifika juu na mwongozaji akakuuliza unajisikiaje, mwambie ukweli.