Mtaro si Korongo

Masika yakikolea Arusha, mtu akiteleza akatumbukia kando ya barabara, wanaomvuta juu hawabishani kuhusu jina: kaingia mtaroni. Lakini akipanda hadi Akheri au Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, akakuta njia ya maji yenye upana uleule ikikatiza migombani, akaiita mtaro, mwenye shamba atamtazama mara mbili. Ule ni mfereji.

Ukiyapima kwa macho, mashimo haya mawili ni ndugu. Kinachoyatenga ni kazi. Mfereji huleta maji yanayotakiwa. Mtaro huondoa yasiyotakiwa. Wameru na Waarusha walikuwa wakichepusha vijito vya Mlima Meru kwenda mashambani kabla Wajerumani hawajajenga boma lao mjini mwaka 1900, lile ambalo leo ni makumbusho. Kazi yenyewe inataka jicho. Mfereji hukata mteremko kwa ubavu, na udongo hutupwa upande wa chini uwe tuta la kuzuia maji. Mwinamo ukizidi, maji yanakula udongo. Ukipungua, mchanga unatuama na mfereji unajaa. Basi mfereji una wenyewe, una zamu, una siku ya kuufukua. Mtaro wa mjini hauna zamu, kwa hiyo kila mtu anaona ni wa mwingine, na chupa za plastiki zinajua hivyo. (Ukifika Nairobi jihadhari: huko maji ya mfereji ni yale yanayotoka bombani.)

Ndugu wa tatu wa mashimo haya ni handaki, nalo lina ukoo wa mbali. Kwa Kiajemi, kandan ni kuchimba, na kilichochimbwa kikaitwa kandak. Waarabu walipolipokea neno wakalitamka khandaq; Waswahili tukalainisha kh ikawa h, tukafunga kwa irabu kama ilivyo desturi yetu. Hata historia ya Kiislamu inaafiki safari hiyo: mwaka 627, Madina ilipotishiwa na jeshi la Makka, aliyeshauri lichimbwe handaki alikuwa Salman, Mwajemi. Kwa hiyo handaki halikuanza na maji, lilichimbwa kuzuia watu. Siku hizi wahandisi wanaliita handaki hata tundu la reli ndani ya mlima, na sioni kosa, maana asili ya neno ni kuchimba tu.

Linabaki korongo, ambalo kwa watu wa Arusha ni neno la kila siku. Hili halina mchimbaji. Limechimbwa na maji yenyewe. Ardhi inayouzunguka Meru ina majivu mengi ya volkano, na mvua ikishuka kwa kasi mahali pasipo na majani, ufa wa leo unaweza kumeza ng'ombe baada ya misimu michache. Hapa ndipo majina yanapogeuka kuwa jambo la fedha. Mtaro ukijengwa vizuri kando ya barabara, kisha ukaachwa umwage maji yake yote kwenye mteremko mtupu, huko chini unazaa korongo. Kwenye makaratasi utasomeka mtaro uliokamilika. Mimi nauita mtaro nusu, na aliye chini yake ndiye anayelipa nusu ya pili kwa shamba lake.

Neno korongo limesafiri kuliko wengi wetu. Bonde la Oldupai, mkoani Arusha huku huku, limejaa makorongo, na watafiti wa familia ya Leakey waliyaita hivyo hivyo kwa Kiswahili, wakiyapa majina ya watu. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona hapo fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, kwenye eneo ambalo wanasayansi duniani kote huliandika FLK. Herufi mbili za kwanza ni za Frida Leakey, mke wa kwanza wa Louis Leakey, mumewe Mary. K ni korongo.